Mataruma Sitini ya Ilendeja

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Daftari hili lilikuwa la kuandikia mizigo. Mizigo siku hizi inapita barabarani kwa malori, kwa hiyo nimelichukua kwa matumizi yangu. Naandika wazi kwamba nimelichukua, asije mtu akasema Obedi Luhaga, mkuu wa stesheni ya Ilendeja, ameiba mali ya Shirika. Katika miaka ishirini na sita ya kazi sijawahi kwenda nyumbani na hata pini.

Mvua imeanza mapema mwaka huu. Redio inasema ni elnino. Mke wangu Teodora anasema ni mvua tu, watu wa redio wamekosa la kuzungumza.

Treni ya kwenda Mwanza: imechelewa saa tatu na dakika kumi.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Hakuna jipya.

Ijumaa, 7 Novemba

Jipya limekuja, na bora lisingekuja. Barua kutoka makao makuu inasema Shirika linajiandaa kupokea mwekezaji, na stesheni ndogo zisizo na kazi ya kutosha zitafungwa. Mwezi wa pili atakuja mkaguzi, Bwana Malimi, kutazama kila stesheni kwa macho yake. Kabla ya hapo nijaze fomu ya mali zilizopo. Mwisho wa fomu kuna swali: "Historia fupi ya stesheni na faida zake kwa wananchi. Tumia mistari mitatu."

Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Stesheni ikifungwa, nyumba hii ni ya Shirika, na Teodora ana migomba mbele ya mlango tangu mwaka 1974. Alipoisoma barua aliirudisha kwenye bahasha, akaenda kumalizia hasira zake kwenye kumenya ndizi. Sisi wawili tumezeeka kwa kuamshwa na honi ya treni. Naogopa, na ninaandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia yeye.

Treni: imechelewa saa nne.

Jumapili, 9 Novemba

Nimejaza fomu. Kengele moja. Saa ya ukutani moja. Bendera tatu, ya kijani imechanika. Taa mbili. Tangi la maji la zamani, lile la vichwa vya treni vya moshi. Ukilipanda unaliona ziwa. Mataruma ya akiba: 60. Pungufu: hakuna.

Taruma, kwa asiyejua, ni kile chuma kinacholala chini ya reli mbili kuzishikilia zisiachane. Yetu sitini yaliachwa nyuma ya ghala walipoitengeneza njia mwaka 1985. Kila mwisho wa mwaka nayaandika. Tangu 1989 nayahesabu nikiwa mbali kidogo, kwa sababu alionekana swila kwenye nyasi zile, na mimi na swila hatuna mazoea.

Alhamisi, 20 Novemba

Mistari mitatu haitoshi. Mtu hawezi kueleza Ilendeja bila kueleza reli, wala reli bila kuanza Uingereza mwaka 1825. Nimeandika kurasa nne na nimefika 1830. Nimeeleza kwamba kabla ya treni kila mji wa Uingereza ulikuwa na saa yake, mpaka reli ikaja ikawalazimisha wote kusoma saa moja. Nilimsomea Teodora. Aliuliza wale watu wa Uingereza, treni yao ikichelewa saa nne, walikuwa wanasoma saa ya nani.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua. Nimefika kwa Wajerumani. Treni: imechelewa saa mbili tu, watu wengi wameachwa.

Jumapili, 30 Novemba

Leo nimemfukuza tena Ng'washi, bibi wa nyumba ya tatu, asianike michembe, vile vipande vya viazi vya kukausha, kwenye jukwaa la abiria. Ananiamkia vizuri kwa Kisukuma, "Mwadila, Masta," kisha anasubiri nigeuke anaanika. Watu wa hapa wana mkono mrefu. Nikiweka ndoo, inakwenda. Nikiweka waya wa simu, nauona baadaye umeanikiwa nguo. Nimeandika kurasa mbili za faida za reli duniani, na nimeshindwa kuandika hata sentensi moja ya faida yake kwa watu ambao wakiiona wanaona kamba ya nguo.

Jumanne, 9 Desemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Mvua ilipiga kutwa ya jana na alfajiri yote. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuja Mashimba, mnyapara wa genge la reli, akiwa tope mpaka kiunoni. Mashimba ni mtu wa maneno machache. Alisimama mlangoni akasema, "Masta, njoo uone. Sitaki uniulize."

Kalavati la mtoni, lile daraja dogo linalopitisha maji chini ya reli hatua mia tatu kutoka stesheni, halipo. Tuta la reli limekwenda na maji urefu wa mita arobaini na mbili. Reli zenyewe zimebaki zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na mataruma karibu yote yamechomoka yakaenda zake ziwani. Upande wa pili alikuwa amesimama Akelo. Akelo ni mama wa Kijaluo kutoka Mara. Anapanga chumba Nyakato, Mwanza, na huja na treni akiuza dagaa na mapanki, ile mifupa ya sangara, akirudi na nyanya na michembe. Leo alikuwa ametembea kutoka stesheni ya jirani, beseni kichwani, na maji kati yetu yalikuwa yananguruma.

Aliniuliza kwa sauti kama treni ya kesho ipo. Nilimjibu kwamba taarifa rasmi itatolewa. Mashimba aliniangalia, akaangalia reli zinazoning'inia, akaenda kukaa kwenye jiwe.

Nilipiga simu kontroli ya Mwanza, wanakoongoza treni. Kijana wa huko alichukua vipimo, akaniambia nisubiri. Baada ya saa nzima alirudi na sauti ya furaha. Alisema njia imekatika sehemu nyingine nyingi, hakuna vifaa, lakini kwangu hakuna shida kabisa. Mita arobaini na mbili zinataka mataruma sitini, na kitabu kinaonyesha Ilendeja ina akiba ya sitini. Kwa hiyo Mashimba na genge lake watatengeneza wenyewe, na treni ya kwanza itakayopita itamleta mkaguzi.

"Hongera, Masta," alisema. "Stesheni nyingine hazina hata moja."

Nilishukuru. Nilichukua fimbo kwa ajili ya swila, nikaenda nyuma ya ghala, nikayapasua majani mpaka mwisho.

Mataruma saba.

Jumatano, 10 Desemba

Nimehesabu upya. Saba.

Alhamisi, 11 Desemba

Saba. Swila hayupo.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimemweleza Mashimba peke yake. Nimesaini karatasi miaka kumi na miwili kwamba kuna sitini. Nikisema ni saba, sistaafu, nafungwa. Nisiposema, njia haitengenezwi na stesheni inakufa na mimi nikiwa ndani yake. Nilimuuliza kama anajua yamekwenda wapi.

Mashimba aliisogeza kofia yake nyuma. Kisha alisema, "Masta, wewe huwa hualikwi majumbani kwa watu, sivyo?"

Nilisema ni kweli, naona haifai kwa cheo changu. Alisema ndiyo hapo.

Alhamisi, 25 Desemba. Noeli

Treni: hakuna. Hakuna chumvi ya kutosha, mafuta ya taa yamepanda, nyanya zinaozea kwenye matenga. Harusi mbili zimeahirishwa kwa sababu wajomba wako upande wa Mwanza. Jambo la ajabu ni kwamba watu wamepotelewa na saa. Walizoea kusema "tukutane treni ikipita", na ingawa ilichelewa, iliwachelewesha wote pamoja. Sasa katekista Antoni anagonga kengele ya kanisa na watu wanakuja kwa zamu, kila mmoja na saa yake, kama Waingereza wa ukurasa wangu wa tatu.

Kengele ya kanisa ni kipande cha reli. Nimesali chini yake miaka yote hii na leo ndiyo mara ya kwanza nimeiona.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimefanya ambalo sijawahi kufanya. Nimetembelea watu.

Kwa Ng'washi nilikaribishwa kwenye benchi. Benchi ni taruma. Kwa jirani yake, mafiga ni mataruma mawili yaliyolazwa juu ya mawe. Kwa katekista Antoni nilipewa chai nikiwa nimeegemea zizi la mbuzi, na lango la zizi sikutaka kulitazama sana. Kila nyumba walinishangilia, wakaniandalia chai, kisha wakakumbuka nimekalia nini. Nimekunywa vikombe kumi na kimoja vya chai na hakuna aliyetaja taruma.

Nilirudi nikiwa na hasira mpaka masikioni. Nikamwambia Teodora kijiji kizima ni wezi. Akasema, "Baba Rebeka, vile vyuma vilikuwa vinaota kutu nyuma ya ghala. Wao wamevipa kazi." Nikamwambia asiwatetee. Akaendelea kutandika kitanda.

Jumapili, 4 Januari 1998

Mashimba alinishauri nizungumze kanisani, na nizungumze vizuri. Baada ya misa Antoni alinipa nafasi. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu sheria ya mali ya umma, kifungu kwa kifungu. Niliposimama nikawaona wamekaa wananitazama, Akelo naye yuko nyuma na beseni lake tupu, na hotuba ikanitoka kichwani. Nikasema kweli: stesheni itafungwa, na treni haitapita, na kosa ni langu kwa sababu nilisaini bila kuhesabu. Nikasema kama mtu yeyote ataokota taruma mahali popote alilete kando ya reli. Sitauliza ameliokota wapi.

Watu wakatazama chini. Akelo aliuliza kutoka nyuma, "Na aliyeliokota zamani?"

Nikasema hata wa zamani.

Jumatatu, 5 Januari

Asubuhi nimekuta mataruma kumi na mawili kando ya reli. Jumla kumi na tisa. Mwenyewe hakuna.

Jumanne, 6 Januari

Thelathini na moja. Ng'washi ameleta benchi lake mchana kweupe, wajukuu wawili wamebeba, yeye mbele. "Nimeliokota, Masta," alisema. Lilikuwa bado na mto wa kukalia. Nilimrudishia mto, nikamwambia asante. Alikaa chini kwenye jukwaa langu kupumzika, kisha akatoa michembe akaianika hapo hapo, na sikuona sababu ya kusema kitu.

Ijumaa, 9 Januari

Arobaini na nne. Jingine lina masizi unene wa kidole. Jingine limenolewa mapanga juu yake mpaka limepata kiuno. Mashimba anayapokea, anayagonga kwa nyundo, anasikiliza, anasema "linafaa" au anafikiri kwanza halafu anasema "linafaa".

Jumatatu, 12 Januari

Mvua. Arobaini na nne bado.

Jumamosi, 17 Januari

Akelo amekuja kwa miguu na mataruma mawili juu ya mkokoteni, wanaume wanne wanasukuma kwenye tope. Alikuwa anakaushia dagaa juu yake huko mwaloni, wanakoshushia samaki. Nilisahau ahadi yangu nikamuuliza yalifikaje ziwani.

"Kwa treni, Masta," alisema. "Nililipia mzigo. Wewe ndiye uliyenikatia risiti."

Arobaini na sita.

Alhamisi, 22 Januari

Watu zaidi ya mia wanabeba mawe. Mawe ndiyo mali ambayo huku kwetu haijawahi kupungua. Genge la Mashimba ni watu wanne, lakini leo amewasimamia wote kwa mkono wake mmoja ulioshika filimbi. Tuta linapanda. Kinamama wamepika ugali chini ya tangi. Nilivua koti la kazi nikabeba mawe mimi pia, matatu makubwa, mpaka mgongo ukakataa. Nilikuwa na furaha kama mtoto, sijui kwa nini niandike vinginevyo.

Jumapili, 1 Februari

Hamsini na nane. Antoni ameleta lango la zizi. Mbuzi wake wako kanisani mpaka atengeneze jingine.

Jumanne, 3 Februari

Hamsini na tisa. Kontroli wamepiga simu: kwingine njia imeshatengenezwa, na Mkaguzi Malimi anapanda treni Jumatano ya wiki ijayo, atakuwa hapa Alhamisi. Nimewaambia tuko tayari. Tumebakiza taruma moja, katikati kabisa ya kalavati, na Mashimba amesema bila hilo hapitishi hata toroli.

Alhamisi, 5 Februari

Hamsini na tisa. Nimezunguka nyumba zote. Hakuna benchi, hakuna mafiga, watu wanakaa chini kama kwenye msiba. Ng'washi ameniambia, "Masta, kwetu tumemaliza. Labda ukatafute ambako hujatafuta."

Ijumaa, 6 Februari

Nilirudi nyumbani mchana nikakaa kitandani nikamwambia Teodora basi, imeshindikana kwa taruma moja, watanikuta na pengo la taruma moja. Teodora alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Hakuwa na uso wake wa kawaida.

"Baba Rebeka, simama."

Nikasimama.

"Sogeza kitanda."

Mwaka 1989 mchwa walikula miguu ya kitanda chetu upande wa ukutani. Nakumbuka, kwa sababu kiliinama nikalalamika wiki nzima, kisha siku moja kikawa kimenyooka na sikuuliza. Chini ya kitambaa cha maua anachofunikia kitanda, limelazwa kutoka kichwani mpaka miguuni, lilikuwepo. Taruma la chuma, mali ya Shirika, limepakwa rangi ya bluu ili lifanane na ukuta. Miaka yote ile niliyoandika "Pungufu: hakuna" nilikuwa nimelala juu ya pungufu yenyewe.

Nilimuuliza ni nani aliyemwona swila mwaka 1989.

"Mimi," alisema Teodora. "Nilijua ukisikia swila hutakwenda kuhesabu." Halafu akasema wenzake walianza kwa sababu walimwona yeye, mke wa Masta, akipita na taruma, wakajua ruhusa imetolewa.

Nilitaka kukasirika na nilikuwa na kila haki. Lakini nilimwona anavyoushika upawa kwa mikono miwili, na nikakumbuka nilivyosimama kanisani kuwaambia watu kosa ni langu, na kumbe nilisema kweli kuliko nilivyojua. Kicheko kikanitoka. Akaanza na yeye. Tukacheka mpaka Mashimba akaja kuuliza kuna nini, akaona kitanda, akaona taruma, akavua kofia.

Aliligonga kwa nyundo, akasikiliza. "Linafaa," alisema. "Limetunzwa."

Sitini.

Alhamisi, 12 Februari

Treni: imechelewa saa tano. Imefika.

Ilipofika kwenye kalavati ilisimama. Mkaguzi Malimi alishuka, mtu mwembamba mwenye viatu safi, akatembea juu ya kazi yetu taruma baada ya taruma. Mimi nyuma yake, Mashimba nyuma yangu, kijiji chote juu ya tuta. Alisimama kwenye lile la masizi. Akasimama kwenye lenye kiuno. Akainama akabandua gamba la dagaa, akalitazama kwenye mwanga.

"Bwana Luhaga, akiba yako ilikuwa inatunzwa ghalani?"

Nikasema ghala lina unyevu, ilibidi tuitawanye.

"Na hili la bluu?"

Nikasema hilo lilitunzwa kwa uangalifu wa pekee. Nyuma yangu nilimsikia Teodora akikohoa.

Malimi hakuandika kitu. Stesheni alikagua kila kilichomo, akanunua mapanki mawili kwa Akelo, akaniita ofisini. Akasema ameisoma historia yangu, kurasa kumi na tisa nilizoambatisha kwenye fomu, ndani ya treni, na muda wa kuisoma alikuwa nao. Amejifunza mengi kuhusu Uingereza na Wajerumani, na kwamba reli ilifika Mwanza mwaka 1928.

"Lakini sikuona Ilendeja," alisema. "Swali lilikuwa la Ilendeja."

Akanirudishia fomu na kalamu. Niliwatazama dirishani: Ng'washi anakusanya michembe, Antoni anafukuza mbuzi, Mashimba amekaa kwenye jiwe lake. Nikaandika mistari mitatu:

Reli ilipita hapa ikaacha vyuma.
Watu wakavitumia kukalia, kupikia, kufungia mbuzi na kulalia.
Reli ilipokatika walivirudisha, vikatimia sitini.

Alisoma, akakunja karatasi akaitia mfukoni, siyo kwenye jalada.

Jumanne, 24 Februari

Barua. Stesheni ya Ilendeja itafungwa kuanzia tarehe mosi Machi. Hakuna tiketi, hakuna mizigo, treni hazitasimama. Niliisoma nikiwa nimesimama.

Teodora akaninyang'anya akasoma ukurasa wa pili, ambao sikuufikia.

"Kwa kuwa mataruma yaliyotumika kalavatini yamekutwa yamepinda, yametobolewa, yameungua na kupakwa rangi, Mkaguzi ameelekeza treni zote zipite hapo kwa mwendo usiozidi wa mtu anayetembea, kuanzia kalavatini hadi mwisho wa jukwaa. Mtumishi mmoja abaki kwenye nyumba ya Shirika kusimamia mwendo huo kwa bendera ya kijani, mpaka mataruma mapya yatakapoletwa."

Mashimba alipoelezwa aliuliza mataruma mapya yataletwa lini. Nikamwonyesha: tarehe haipo.

Jumanne, 3 Machi

Treni: imechelewa saa mbili na nusu. Haikusimama. Imepita.

Ilipita taratibu kiasi kwamba Akelo alishuka na beseni bila kumwaga, nyanya matenga kumi na sita yakapandishwa, wajomba wa harusi zote mbili wakateremka na mabegi yao, na Ng'washi alipata nafasi ya kubishana bei ya michembe na abiria mmoja kuanzia dirisha la kwanza mpaka mwisho wa jukwaa, akashinda. Mimi nilisimama na bendera yangu. Teodora ameishona.

Kitanda chetu kimeinama tena upande wa ukutani, na mgongo unanisumbua. Asubuhi hii nimemwambia tutakinyoosha Shirika likileta mataruma mapya. Ameniuliza kama nimeandika barua ya kuwakumbusha. Nimemwambia sijaandika, na kwamba tangu leo, kila nikitaka kuiandika, mimi ninamwona swila mezani.